Tiketi ya Tatu

Mbeya, 12 Aprili 2025

Kaka Abdulkarim,

Assalam alaikum, na shikamoo. Sisi huku Ramadhani imekwisha na Mfungo Mosi umetukuta wazima, ila mvua ya Mbeya unaijua, nguo ukizianika leo unazivaa wiki ijayo. Faraji mwanangu yuko na duka lake la vitenge pale Mwanjelwa. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la mama yetu, na kelele anazo kama mama yetu.

Faraji ananicheka. Anasema, mama, bado kuna watu wanaandika barua? Nikamwambia mjomba wako ukimpigia simu leo anakujibu swali la juzi. Kwa hiyo bahasha ninampa kondakta wa basi la Iringa kama kawaida, na wewe ukijibu ipitie hapo hapo dukani.

Sasa kaka nina ombi. Mwezi wa tisa kutakuwa na tamasha la filamu hapa Mbeya, siku tatu, na kuingia ni kwa tiketi. Kuna filamu moja inaitwa Wazee wa Karasha. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Chunya. Vijana walikwenda huko mwaka jana na kamera zao, wakawapiga picha wazee wanaochimba, na mimi nimo. Usicheke. Nimo kidogo tu, nimeshika sufuria.

Nimeomba tiketi tatu. Njoo. Tangu ulipokuja kwenye msiba wa baba Faraji hatujaonana, na ni miaka kumi na mitatu hiyo. Nataka siku hiyo ukae katikati.

Mdogo wako,
Mwanahawa


Kihesa, Iringa, 21 Aprili 2025

Mwanahawa,

Wa alaikum salaam, marahaba. Mtoto Mungu amkuze, na kelele zake zimpungukie kwa wakati wake. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, ambayo sasa hata mwadhini simsikii, namtazama jirani wa mbele akitoka na kofia kwenda msikitini ndipo najua. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja tangu mke wangu aliponitangulia. Jirani yangu Yotamu, yule fundi seremala niliyekutajia, hunijia jioni akitoka kununua mbao Mafinga, tunakunywa chai. Yeye ni Mlutheri na ni Mhehe wa hapa hapa. Juzi alinitambulisha kwa mgeni wake, "Huyu ni Mzee wa Pwani." Nimeishi Kihesa miaka hamsini na miwili. Nilizaliwa Mbeya, nyuma ya duka la baba. Pwani nimefika mara mbili, na mara zote mbili niliumwa.

Barua yako nimeisoma, na nimekurudishia humu ndani. Utaona nimetia alama mahali pachache, hasa pale unapounganisha sentensi nne kwa koma. Ni mazoea ya kazi. Mtu aliyesahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, za kiwanda cha uchapaji cha misheni miaka thelathini na moja hawezi kuona koma ya bure akanyamaza.

Kuhusu tamasha, nina maswali matatu. Ulikuwa unafanya nini Chunya, mahali penye vumbi tu na tumbaku? Kiziwi akapeleke nini kwenye filamu? Na kama mimi nakaa katikati, upande mmoja utakaa wewe. Upande wa pili ni nani?

Kaka yako,
Abdulkarim


Mbeya, 9 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Barua yangu uliyonirudishia ina damu kama kuku wa sikukuu. Faraji ameibandika dukani, anasema ni picha ya ukoo.

Mtoto anakua. Mahindi yamepanda bei. Sikohoi tena.

La masikio lisikutie shaka. Vijana wameniambia filamu ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na wewe Kiingereza unakisoma kuliko wenyewe. La Chunya ni jepesi, nauza vitenge vya Faraji huko msimu wa tumbaku, wakulima wakilipwa wananunua bila kubishana. La tatu halijibiwi kwa barua. Nimejaribu kuandika mara tatu, nikachana mara tatu, kwa sababu kila nikiandika naiona ile kalamu yako nyekundu. Nataka ulione jambo lenyewe kwa macho, limekaa kwenye kiti, liwe halifutiki.

Tiketi zitakuja kwenye simu ya huyo Yotamu wako. Nipe namba yake.

Mwanahawa


Kihesa, Iringa, 2 Juni 2025

Mwanahawa,

Baada ya salamu nyingi, na za Idd inayokuja. Baridi ya Iringa imeanza. Yotamu anasema mwaka huu itakuwa kali, lakini husema hivyo kila mwaka.

Namba nilikutumia, na tiketi zimefika. Nataka kukueleza jinsi zilivyofika maana sijaelewa hata sasa. Yotamu alinionyesha simu yake. Ndani kulikuwa na mraba uliojaa vimiraba vidogo vyeusi, kama ukurasa uliomwagikiwa wino. Nikamuuliza tiketi iko wapi. Akasema, "Ndiyo hiyo, mzee." Nikamuuliza sasa nani anaisoma. Akasema, "Simu nyingine." Tukaenda kuzichapisha kwa yule kijana wa stesheneri. Zikatoka tatu, zote nyeusi, zote sawa, isipokuwa chini kuna jina. Ya kwanza yangu, ya pili yako, na ya tatu imeandikwa Mgeni wa Bi Mwanahawa. Hiyo si jina.

Nimekaa nimefikiri, na nadhani nimekugundua. Umenitafutia mke. Mwanahawa, nakujua tangu ulipokuwa unabebwa. Unataka nikae katikati, wewe huku na yeye kule, taa zizimwe, na zikiwashwa niwe nimeshakubali. Ahsante, lakini ondoa shauri hilo. Mimi nina miaka sabini na sita, wewe una sitini na minane. Watu wa umri wetu wakioana wanachekesha majirani. Mzee akioa wakati huu, anatafuta wa kumkunjia sanda tu.

Kwa Idd nimekuletea udi, hina na kanga mbili za rangi ya machungwa. Uvae siku ya tamasha.

Kaka yako,
Abdulkarim


Chunya, 29 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima kiasi.

Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu siko Mbeya, niko Chunya, na nitakuwa hapa kwa muda. Udi, hina na kanga nimevipokea na nimempa Faraji akurudishie. Si kwamba sivipendi. Sina matumizi navyo kwa sasa.

Ulichoandika kuhusu watu wa umri wetu nimekisoma. Sikukutafutia mke, usiwe na wasiwasi.

Tiketi ya tatu nimeifuta. Zimebaki mbili.

Mwanahawa


Kihesa, Iringa, 14 Julai 2025

Mwanahawa,

Salaam. Mimi mzima. Yotamu amekata kidole kwa msumeno, si sana. Mke wake Blandina anakusalimu ingawa hamjuani.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Ni fupi kuliko barua zako zote, haina koma hata moja ya ziada, na ndiyo barua yako ya kwanza iliyonitia hofu. Vitu nilivyokutumia vimerudi na basi, udi haujafunguliwa hata karatasi. Hujawahi kunirudishia kitu. Mwaka ule nilipokutumia viatu vyote vya mguu wa kushoto, ulivipokea ukasema ahsante.

Nimemwomba Yotamu ampigie Faraji. Walizungumza, nami nikamtazama Yotamu usoni. Alipokata simu akasema, "Anasema mambo ya mama umuulize mama."

"Alisema kwa sauti gani?"

"Ya mtu aliyefungwa mdomo, mzee."

Basi nakuuliza mama. Unaumwa? Umeudhika na utani wangu? Umejiunga na watu wanaokataza manukato? Umekosana na Faraji mpaka umehama kwake? Nimepanga kila sababu kichwani na kila moja nimeifuta, hakuna inayokaa na nyingine. Na mgeni wako amekwenda wapi? Mtu anafutwaje?

Abdulkarim


Chunya, 4 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo. Mwambie huyo Yotamu apake asali kwenye kidole.

Siumwi. Sijakosana na Faraji, yeye ndiye anayenitumia mchele. Hakuna aliyenikataza kitu ila Mungu.

Nimewaomba vijana wa tamasha wabadilishe majina. Tiketi mbili zilizobaki sasa ni yako na ya Yotamu. Filamu yetu wameisogeza, haitaonyeshwa Alhamisi, itaonyeshwa Jumamosi tarehe sita alasiri. Mimi sitakuja ukumbini. Sitoki.

Nakuomba wewe uende. Hiyo filamu mimi sijaiona. Waliahidi kuja kutuonyesha kabla ya watu wengine, hawakuwahi, na simu yangu ni ile ya vitufe. Kuna mzee ndani yake, wa pili, amevaa kofia ya sufu ingawa ni mchana wa Chunya. Nataka kujua amesema nini. Wakati wanampiga picha mimi nilikuwa jikoni, nikaitwa mwishoni tu. Andika maneno yake kama yalivyo, usiyasahihishe, na uangalie mikono yake anaiwekaje akiongea. Kisha uniandikie. Ni hilo tu ninalotaka mwaka huu.

Mwanahawa


Kihesa, Iringa, 16 Agosti 2025

Mwanahawa,

Salaam. Habari za hapa uziache kwanza.

Sielewi, na nimechoka kutoelewa. Aprili unaniita nije tukae pamoja watu watatu. Juni tumebaki wawili. Agosti tumebaki wawili tena lakini mmoja si wewe, ni seremala. Nipande basi siku nzima nikatazame picha ya dada yangu akiwa ameshika sufuria, na dada yangu mwenyewe yuko Chunya, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka ukumbini, na hatoki? Na wala hunitaki nikuangalie wewe, unanitaka niangalie mikono ya mchimba dhahabu.

Siendi. Nimemwambia Yotamu azifute tiketi zote mbili. Kama kuna jambo, liandike. Kama hakuna, tuendelee kusalimiana.

Abdulkarim


Chunya, 25 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva mkononi, na Faraji ataipandisha basi siku hiyo hiyo.

Usizifute. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya.

Jambo lipo. Nikikuandikia sasa, hutaitazama filamu, utatazama kosa langu, na utakwenda pale na hukumu mfukoni. Nataka umwone yule mzee kwanza kama mtu tu, mtu usiyemjua, kabla hujaambiwa chochote. Ukishamwona unaweza kukasirika kadiri unavyotaka, hata ukiniambia mimi si dada yako nitakaa kimya. Lakini mtu wa pekee ambaye hajamwona ni wewe, na mtu wa pekee anayeweza kunieleza alivyo, nikaamini, ni wewe, kwa sababu hujawahi kuongeza neno kwenye kitu.

Mimi nitakaa hapa nikisubiri bahasha.

Mwanahawa


Mbeya, nyumbani kwa Faraji
Jumapili, 7 Septemba 2025, baada ya alfajiri

Dada yangu Mwanahawa,

Assalam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nimelala kwa mwanao, nimembeba yule mtoto, mama yetu mdogo, na ameninyea kanzu. Wote wazima. Faraji atampa dereva wa gari la asubuhi barua hii, na mimi nitaifuata keshokutwa. Nimeitanguliza ili tusianze kwa kutazamana.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana ndiyo kazi uliyonipa.

Barua yako ya tarehe ishirini na tano nilipoisoma, nilimwendea Yotamu karakana nikamwambia tiketi nilizokwambia uzifute zinahitajika. Hakuacha hata randa. Akasema, "Sikuzifuta. Wewe mzee ukikasirika unafuta kitu, kesho yake unakitafuta chini ya meza. Nikaziacha." Nikarudi nyumbani nikafunga begi.

Tulifika ukumbini mapema. Mlangoni kulikuwa na binti mwenye simu. Zile karatasi zetu nyeusi zilikuwa zimekunjwa mfukoni mwangu tangu Iringa, na simu yake ikakataa kuzisoma. Akaniuliza jambo, nikamjibu kwamba nimetoka Kihesa. Akauliza tena, nikamwambia miaka sabini na sita. Nyuma yetu watu wakaanza kucheka. Yotamu akamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene, dada. Huyu hasikii, na mimi nimemsindikiza, ungetuingiza tu." Hatimaye akatupata kwa jina, akatuketisha mstari wa tatu. Kati yangu na mtu wa upande wa kulia palikuwa na kiti kitupu, na hakuna aliyekuja kukikalia.

Filamu ilianza kwa karasha. Sikuisikia, lakini niliiona ikitetemesha sakafu ya kibanda mpaka maji ya kwenye ndoo yakapiga vijiduara. Kisha wakaonyeshwa wazee watatu. Wa kwanza alieleza mashimo na vifo vya mashimoni. Wa tatu aliimba. Wa pili ndiye wako.

Alikuwa amekaa juu ya gunia la mawe. Kofia ya sufu ya kijani, imeshuka mpaka kwenye nyusi. Ni mtu mwembamba mwenye uso mrefu. Akiongea, mkono wa kushoto anaulaza juu ya goti kiganja kikiwa juu, kama mtu anayesubiri kuwekewa kitu, na mkono wa kulia ndio unaozungumza. Vidole vyake viwili vya mwisho havinyooki. Akikohoa anageuza uso kwanza, anaomba radhi baada. Aliomba radhi mara nyingi.

Mimi nilikuwa nasoma maandishi ya chini. Yalikuwa na makosa, nami nilikuwa nayahesabu bila kukusudia. Ndipo ukatokea wewe mlangoni na sufuria, yule mzee akakunyooshea mkono, na chini pakaandikwa kwamba anasema huyu ni mke wake.

Nikasema moyoni, hilo kosa kubwa kuliko yote. Mfasiri amelala. Nikamgusa Yotamu, nikamuuliza, "Amesema nini hasa? Amesema jirani?"

Akaninong'oneza. Sikusikia. Akanisogelea sikio, akarudia. Sikusikia. Mara ya tatu ukumbi mzima uligeuka kutuangalia, nami nikasikia.

"Mke wangu, mzee. Amesema huyu ni mke wangu. Na huyo si dada yako?"

Nikamwambia ndiye. Nikampa kalamu na nyuma ya ile tiketi, nikamwambia andika kila kitakachosemwa kuanzia hapa, kwa Kiswahili chake, usipunguze. Kwa hiyo maneno yafuatayo si ya yule mfasiri wala si yangu. Ni kama yalivyotoka mdomoni, kwa mkono wa Yotamu, na sikugusa hata nukta.

Kijana wa kamera alimuuliza kama amewahi kupata dhahabu kubwa. Akasema: "Nimepata mara mbili, yote nimeila. Huyu nimempata nikiwa nimeshaacha kutafuta."

Wewe ukasema: "Mwongo huyo. Alikuja kununua kitenge akasema ni cha mama yake. Mama yake kafa zamani."

Akasema: "Sasa ningesema cha nani, na mke sikuwa naye?"

Watu walicheka ukumbini. Niliwaona mabega. Wewe kwenye picha ulificha uso kwa mkono wenye mwiko, na unga ukakupata shavuni, na yeye akakuonyesha ulipo kwa kugusa shavu lake mwenyewe. Hilo halikuandikwa chini. Nakuandikia mimi.

Kisha wewe ukarudi ndani. Yaliyofuata ndiyo hukuyasikia. Kijana alimuuliza kuna kitu gani bado anakitaka. Akafikiri. Ule mkono wa gotini akaufumba. Akasema:

"Nina shemeji yangu Iringa. Sijamwona. Nasikia ni mtu wa vitabu, anasahihisha mpaka barua. Mke wangu anamwogopa, kila siku anasema atamwandikia. Mimi najua kwa haki ya dini yetu nilipaswa nimwombe yeye, yeye ndiye wa kumwoza. Sikumwomba. Tulipewa na shehe. Nikimwona nitamwomba, hata kama nimeshapewa. Mtu hawezi kula cha watu maisha yake yote bila kubisha hodi."

Kijana akamuuliza, na akikataa?

"Nitakaa mlangoni kwake. Mimi nimezoea kungoja jiwe."

Mwanahawa, sisi viziwi hatujui sauti zetu zinafika wapi. Nilidhani nimesema moyoni. Yotamu ananiambia nilisema kwa sauti, pale kitini, katikati ya watu: "Nimekubali." Ananiambia kwamba mtu mmoja nyuma alijibu amin. Kama shehe atasema idhini haitolewi ukumbini, na haitolewi baada ya ndoa, najua. Ilitoka hivyo.

Mwishoni pakaja ukurasa mweusi wenye maandishi meupe. Jina la yule mzee, Muharami, na chini yake miaka miwili, wa kuzaliwa na huu wetu. Nilisoma mara kadhaa nikitafuta kosa la chapa. Halikuwepo.

Hapo ndipo kila kitu ulichoniandikia tangu Juni kilipojipanga chenyewe. Nataka ujue jambo moja, uniamini au usiniamini. Vitu viliporudi, neno eda lilinijia kichwani, mjane akiwa hajipambi wala hatoki. Nikalifuta. Nilijiambia eda ya baba Faraji ulishaikaa, nilikuwepo, mimi mwenyewe nilileta mchele. Nyumbani kwangu hakuna mwanamke wa kuniambia, na Yotamu na Blandina wao hilo hawalijui. Kwa hiyo nikakutafutia ugonjwa, ugomvi na dhehebu jipya.

Faraji ameniambia mengine baada ya isha, kichwa ameinamisha. Kwamba mlioana mwaka juzi. Kwamba alikufa mwisho wa Mei, kifua, vumbi la miaka yote. Kwamba ulimwambia shehe kaka yako yuko mbali na hasikii, na kwa sababu hiyo shehe akasimama mahali pangu. Iringa si mbali. Na barua, Mwanahawa, huwa nazisikia vizuri sana.

Nimemaliza lawama, sina nyingine. Ninayo yangu. Ile sentensi yangu ya sanda ilikufikia ukiwa umekaa chini kwenye mkeka, na watu hawajamaliza kuja kukupa pole. Nimeirudia kichwani tangu jana alasiri. Barua ikishapanda basi haina prufu. Siombi uisahau. Nakuomba usiisome tena.

Yotamu amerudi Iringa na basi la asubuhi. Kidole chake kimepona, kwa asali. Mimi nakuja Chunya Jumanne. Kaka haruki mpaka wa eda, kwa hiyo usimwambie mtu aniwekee kiti nje. Nitaingia, nitakaa, na utaniambia tangu siku ya kitenge, taratibu, huku unanitazama ili niusome mdomo. Kalamu nitaiacha kwa Faraji. Kisha tutakwenda na Faraji, wewe ukibaki ndani, anionyeshe kaburi, nimsomee.

Siku zako unazihesabu mwenyewe, sitakuuliza zimebaki ngapi. Nitakaa mpaka ziishe. Nimeona hapo kwenye picha kwamba chumba cha mbele kina mahali pa mkeka wa pili. Na wanawake wa hapo waambie mapema, wasije wakajitolea wakanitangulia: siku ya kutolewa eda, nguo unazovishwa zinatoka kwangu. Mahali pangu pa kukuoza alisimama mtu mwingine. Hapa nasimama mwenyewe.

Kaka yako,
Abdulkarim